Sakafu Chini ya Verlene

Jumamosi asubuhi, maharage yakitokota jikoni, Arvil Stidham aliipindua meza ya chakula na kuikata miguu kwa msumeno, upana wa kiganja kila mguu. Dada yake Verlene alikuwa ameketi mahali pake karibu na jiko, na kwa wiki kadhaa sasa kidevu chake kilikuwa kimelingana na ubao wa meza. Mtu hawezi kula maharage yaliyo juu kuliko pua yake. Arvil alipomaliza aliisimamisha meza, akafuta unga wa mbao kwa mkono, akapakua.

"Sasa sisi wengine tutakula tumepiga magoti," alisema.

"Itakufaa," Verlene alijibu. "Tangu mama atuache hujayapiga."

Verlene alikuwa anazama. Popote alipokaa, sakafu ilishuka chini yake polepole, kiti na mtu pamoja, na maumivu yalipozidi ilishuka kwa haraka zaidi. Haikuwa kwa sababu ya unene, maana alikonda kila mwezi. Ilianza katika makao ya wazee alikokuwa akiwaosha na kuwanyanyua wasiojiweza. Mzee mmoja wa miraba minne aliteleza bafuni, Verlene akamdaka, mgongo wake ukalia kama ubao mkavu, na alipokaa kitako kuvuta pumzi, vigae vikabonyea. Msimamizi alimpa pole, akamwachisha kazi, na akamwomba asikae tena mpaka atakapofika nje.

Watu wa bonde la Caney hawakuuliza maswali mengi. Huku Kentucky mashariki kuna wanaoshikwa na kisukari, kuna wanaokohoa makaa ya mawe mpaka wanaingia kaburini, na Verlene alizama. Wageni walipokuja kumwona walileta kipande cha ubao badala ya sukari. Kanisani mashemasi waliweka bamba la jiwe chini ya benchi lake, na jiwe lilipoanza kubonyea walihamisha benchi wakaacha shimo, ambalo watoto walilitumia kufichia kofia za wenzao. Mwanzoni Arvil alimtoa kwa kumpa mkono. Baadaye walihitajika wanaume wawili. Sasa ilikuwa kamba na pikapu.

Daktari wa zahanati alimpima kwa utepe na akasema wazi kwamba mgongo ulihitaji upasuaji, na kwamba siku mabega yatakapopita usawa wa ardhi hakuna kamba itakayomtoa. Hospitali haikumgusa bila kadi ya matibabu. Kadi ilikuja na mafao ya ulemavu, na mafao yalitolewa na jaji. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa jaji, na jaji alitaka kumsikiliza.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha simu. Barua ilieleza kwamba njia hiyo ni nafuu kwa mdai, kwa kuwa hatalazimika kusafiri. Walioiandika hawakujua kwamba kule Caney mtandao wa simu hauingii bondeni. Unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kilima, kwenye makaburi ya akina Stidham. Ndiko tunakokwenda sote tukitaka kuongea na benki au kuwasalimia watoto walioko Ohio, na asubuhi za Jumatatu utawakuta watu watatu wanne wametawanyika kati ya mawe ya makaburi, kila mtu na shida yake sikioni.

Arvil aliliegesha gari karibu na kaburi la mama yao. Verlene alikaa kwenye kiti cha abiria, simu juu ya magoti, kipaza sauti kimefunguliwa. Jaji alikuwa na sauti ya upole, sauti ya mtu aliyekunywa kahawa nzuri.

"Habari za asubuhi, mama?"

"Nzuri, namshukuru Mungu," alisema Verlene. "Za kwako, baba? Watoto hawajambo?"

Hakuna mtu wa Caney ambaye angejibu vinginevyo. Mtu amefiwa na mume usiku, asubuhi ukimuuliza habari atakwambia nzuri kwanza, kisha ndipo akuombe jembe. Kumtwika mgeni shida zako kabla hajakaa ni kukosa malezi. Verlene aliongea na jaji kwa saa nzima, kwa sauti iliyochangamka kama anavyoongea na wageni mlangoni, na gari likazama upande wake mpaka ekseli ikagusa udongo na Arvil akawa anamtazama dada yake kutoka juu kama mtu aliye dirishani. Hukumu ilipokuja ilisema kwamba mdai aliulizwa hali yake na akajibu, kwa kiapo, kuwa ni nzuri.

Arvil aliisoma barua hiyo mara mbili, kisha akatoka nje akapiga teke ndoo.

"Kwa kiapo! Alikusalimia, ukamsalimia! Sasa alitaka umjibu nini, utukane?"

"Usiigombeze ndoo, kaka."

"Mficha maradhi, Verlene, kifo humuumbua."

"Sikuficha. Aliuliza habari."

Wakakata rufaa. Ilichukua muda mrefu, na katika muda huo sakafu ya trela walimokuwa wakiishi ilitoboka, Verlene akafika kwenye udongo, na udongo nao ukaanza kumpokea. Rufaa ilipokubaliwa, wakili wake, kijana mmoja aitwaye Pruitt aliyekuwa na tai mbili tu, alimpigia Arvil kule makaburini na kuuliza kama mteja angependa simu tena au kwenda mwenyewe.

"Aende mwenyewe," Arvil alisema. "Wamwone. Wakimwona yataisha."

Na Verlene naye aliamini hivyo. Aliamini kwa moyo wake wote. Tangu siku hiyo akawa anafanya mazoezi. Arvil aliingia jikoni kwa mlango wa mbele, akavua kofia, akauliza, "Habari za asubuhi, mama?" na Verlene akafumba macho akajilazimisha kusema, "Mbaya." Siku za kwanza aliona aibu kana kwamba amevuliwa nguo. Mwishowe aliweza kulisema neno hilo bila kuomba radhi.

Kilichobaki kilikuwa ni zawadi. Mkono mtupu haulambwi, na mtu wa Caney haingii katika nyumba ya mwenzake, hata kama ni nyumba ya serikali, akiwa anapunga mikono hewani. Iliamuliwa ipelekwe keki ya tabaka. Keki hii, kwa wasioijua, haiokwi na mtu mmoja. Kila jirani huoka tabaka lake nyumbani, jembamba kama chapati, kwa asali ya mtama, na siku ya shughuli wanawake hukutana na kuyapanga, katikati yake matofaa makavu yaliyochemshwa. Ndivyo ilivyofanyika. Majirani saba walikuja jikoni kwa Verlene, wakapiga magoti kwenye meza iliyokatwa, wakapanga, wakapaka, wakamsengenya mchungaji. Verlene aliwatazama tu. Kunyanyua bakuli kulimtoa machozi. Lakini desturi ni kwamba keki ni ya yule anayeibeba, na hakuna anayewataja waokaji mbele ya mwenyeji, maana kuwataja ni kama kutangaza kwamba umekuja na vya kuazima.

Safari ilikuwa ya mwendo wa saa tatu kwa barabara ya milimani. Verlene alivaa gauni lake la kanisani, nywele zimetengenezwa. Njiani Arvil alisimama mara kwa mara ili dada yake ashuke atembee, maana akitembea ardhi haipati nafasi ya kumshika. Hata hivyo walipofika mjini kiti cha gari kilikuwa kimekaa juu ya chuma tupu, na Verlene alikuwa ameuma mdomo mpaka ukatoka damu.

Chumba cha kikao kilikuwa cha ghorofa ya chini kabisa, chenye zulia la kijivu, bendera, na meza ndefu. Karani, Bi Tackett, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliwaonyesha viti. Kiti cha jaji kilikuwa kitupu. Mbele ya kiti hicho ilisimama runinga kubwa, na juu ya runinga palikuwa na kamera ndogo.

"Jaji anakuja saa ngapi?" Verlene aliuliza.

"Yeye yuko mji mwingine, dada. Mnaonana humu," alisema Bi Tackett, na akaigonga runinga kwa upande wa kidole kama mtu anayejaribu tikiti maji.

Arvil alifungua mdomo kusema kitu. Verlene akamgusa mkono.

Jaji akatokea. Alikuwa na uso mzuri, mvi kidogo, na nyuma yake picha ya ziwa. Verlene, ambaye mama yake alimfundisha kwamba mkubwa akiingia unasimama, alijiinua kwa mikono miwili mpaka akasimama wima, jasho likimtiririka mgongoni, akangoja mpaka jaji akasema "kaa, mama." Jaji akaandika kitu.

"Habari za asubuhi?"

"Mbaya, mheshimiwa," alisema Verlene.

Arvil aliinamisha kichwa. Pruitt alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu apate kesi hiyo.

"Pole," alisema jaji. "Tuendelee."

Wakaendelea, na Verlene akaanza kuzama. Zulia lilijikunja kwanza, kisha saruji ikashuka bila kelele, kiti kikaingia mpaka magotini. Runingani jaji aliona nywele za mdai tu, akamwomba karani arekebishe. Bi Tackett alisimama juu ya kigoda na kuiinamisha kamera. Utaratibu ulitaka uso wa mdai uwe katikati ya picha.

"Mheshimiwa," alisema Pruitt, "naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mteja wangu amezama hadi kiunoni."

Jaji alisogeza miwani. "Mimi namwona vizuri. Yuko palepale alipokuwa."

"Ni kamera, mheshimiwa. Inainamishwa."

"Bi Tackett, kamera inafanya kazi?"

"Inafanya kazi vizuri sana, mheshimiwa," alisema Bi Tackett kutoka juu ya kigoda, na hakusema uongo.

Mtaalamu wa kazi alihudhuria kwa simu. Alikuwa mama mwenye mafua. Jaji alimuuliza kama mtu wa umri na elimu ya Verlene, mwenye uwezo wa kukaa, angeweza kupata kazi yoyote. Mtaalamu alisema ndiyo, zipo kazi za kuchambua karanga, nzuri huku, mbovu kule, kazi ya kukaa siku nzima.

"Na kama mtu huyo anazama?" aliuliza Pruitt. Sauti yake ilianza kupanda. "Kama ikifika saa sita mchana yuko chini hadi kifuani?"

Mtaalamu alipenga kamasi. "Mikono bado iko juu ya meza?"

"Kwa wakati huo, ndiyo."

"Basi anaweza kuchambua. Mwajiri atashusha meza. Kitabu changu kinazungumzia mikono, miguu na mgongo. Hakizungumzii sakafu."

Verlene alisikiliza yote haya huku maumivu yakimpanda kutoka nyonga hadi nyuma ya macho. Saruji ilikuwa baridi kwenye mapaja. Alijua kwamba huu ndio ulikuwa wakati wake, kwamba amesafiri kwa ajili ya dakika hizi, na akajilazimisha kuinua uso ili jaji amwone. Bi Tackett akainamisha kamera tena.

"Naona kuna keki," jaji alisema. Alisema kwa wema. Alitaka kumaliza vizuri. "Umetuletea?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Bahati mbaya sheria hairuhusu nipokee. Lakini ni nzuri mno. Tabaka ngapi hizo?"

"Saba."

"Saba! Umeoka mwenyewe, mama?"

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Kwa siku na siku Arvil alikuwa ameuliza habari za asubuhi tu. Verlene aliitazama keki, na nyuma ya keki aliwaona majirani saba wamepiga magoti, na nyuma yao akamwona mama yake, na uungwana wa maisha yake yote ukamtoka mdomoni kabla hajauzuia.

"Ah, ni kitu kidogo tu, mheshimiwa. Hakikunisumbua."

Pruitt alifunika uso kwa viganja. Jaji akaandika, akawashukuru wote waliofika, na runinga ikazimika.

Arvil na mlinzi wa mlangoni walimtoa Verlene kwa kumvuta makwapani, na ukelele alioutoa uliwafanya watu wa chumba cha kungojea wainue vichwa, kisha wavirudishe, maana kila mmoja alikuwa amekuja na maumivu yake. Kiti kilibaki shimoni. Bi Tackett aliweka koni ya rangi ya machungwa kando ya shimo na kumwita mdai aliyefuata, bwana mmoja aliyeleta mikono yake ndani ya kikapu, na kumwonya aangalie anapokanyaga.

Walikula keki garini, juu ya mlima. Ilikuwa tamu sana. Arvil alilia akiwa anatafuna.

Hukumu ilisema kwamba mdai alisimama bila kusaidiwa, kisha akaketi kikao kizima bila kubadilisha mkao wala kutoka katikati ya picha. Ilisema pia kwamba mdai huoka keki za tabaka saba bila usumbufu. Maombi yalikataliwa.

Baada ya hapo Verlene alikwenda chini kwa kasi. Arvil hakukata tena miguu ya meza. Aliing'oa yote, akaweka ubao chini juu ya linoliamu ya sakafuni, wakawa wanakula hivyo, yeye amelala kwa ubavu na dada yake kichwa na mabega juu ya sakafu, mikono imetandazwa pande zote mbili kama mtu aliyeegemea ukingo wa kisima. Asubuhi alimvuta, jioni alimvuta, na kila mara pikapu iliguna zaidi. Pruitt alikata rufaa nyingine. Alikuwa ameuza tai moja, alisema kwa mzaha, na hakuna aliyecheka.

Masika, ofisi ya mafao ikatuma ujumbe kwamba itapiga simu kupanga kikao kipya. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Gari lilipofika kilimani, Arvil alimshusha Verlene kwenye kiti cha jikoni, kati ya kaburi la mama yao na uzio, pale mtandao unaposhika vizuri. Ni mahali ambapo ukoo ulimtengea Verlene pa kuzikwa tangu alipozaliwa, kama ilivyo desturi, pembeni ya mama. Hapakuwa na mahali pengine pakavu zaidi, na hata hapo hapakuwa pakavu.

Simu ilichelewa. Udongo ulikuwa laini. Ilipolia, Verlene alikuwa ameshazama mpaka kifuani, na Arvil alilala kwa tumbo kwenye majani, akimshikia simu sikioni.

"Habari za asubuhi, mama?" Ilikuwa sauti ya kijana, safi, ya mtu aliye mbali.

Safari hii Verlene alimjibu. Alimwambia kwamba mgongo wake unawaka moto mchana na usiku, kwamba hajalala usiku mzima tangu vigae vya bafuni vibonyee, kwamba aliwanyanyua wazee wa watu mpaka siku aliyoumia, na hakuna aliyekuja kumnyanyua isipokuwa kaka yake na gari bovu. Alimwambia kwamba keki ile walioka majirani, akawataja wote saba kwa majina yao na ya waume zao. Alimwambia kwamba anaogopa. Hakuwahi kulisema neno hilo mbele ya mtu, na Arvil, uso kwenye majani, alilisikia.

Kijana alingoja kwa adabu mpaka akamaliza.

"Pole sana, mama. Hayo utamweleza jaji. Mimi napanga tu kikao. Ungependa kuhudhuria mwenyewe, au kwa simu?"

"Njooni ninyi, mwanangu," alisema Verlene. "Njooni hapa mnione."

Ilisikika sauti ya vidole vikigonga vitufe.

"Nafasi hiyo haipo, mama. Ni kuja mwenyewe, au simu."

Mvua ilikuwa imeanza tena, ndogo ndogo. Verlene aliutazama udongo uliokuwa umefika chini ya makwapa yake, akalitazama jina la mama yake kwenye jiwe, ambalo sasa lilikuwa sawa na macho yake.

"Basi andika simu," alisema. "Nitakuwa hapa hapa."

"Asante. Utajulishwa tarehe. Siku njema, mama."

"Nawe pia, mwanangu. Msalimie mama yako."

Arvil alikata simu, akaipangusa tope, akaiweka mfukoni. Alifunga kamba chini ya mikono ya dada yake, akaenda kuwasha gari. Gari lilivuta mpaka magurudumu yakachimba mitaro miwili, na Verlene hakusogea, mabega yakiwa yameshafika usawa wa ardhi. Arvil alizima injini, akarudi na mwavuli, akakaa kando yake.